Ua lisilotaka udongo

Mazungumzo yetu ya wiki hii yametokana na barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Tarime, mkoani Mara. Mwalimu huyo anaeleza kwamba nduguye anayeishi Arusha alimletea zawadi ya mmea mdogo sana. Majani yake hayazidi urefu wa kidole cha mkono, nao umefungwa kwa uzi kwenye kipande cha gome la mti. Aliambiwa kuwa ni okidi ya misitu ya milimani, na kwamba ukitunzwa vizuri utatoa maua meupe ya kupendeza.

Kwa kuwa mwalimu anapenda maua, akaukata ule uzi, akalitupa lile gome, akaupanda mmea kwenye kopo lenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Akawa anaumwagilia maji asubuhi na jioni. Mwezi haukuisha, majani yakaanza kunywea na kugeuka manjano. Anauliza amekosea wapi. Anaongeza kuwa jirani yake amemcheka na kumwambia kuwa hicho si ua hata kidogo, ni kirukia tu, na kwamba dawa ya kirukia ni kukipangusa kwa panga.

Wapo watakaosema kuwa swali hili ni la anasa wakati wananchi wanahangaika na bei ya unga na bei ya mbolea. Mimi nasema sivyo. Ndani ya kopo la mwalimu huyu kuna habari ya misitu yetu, kuna habari ya Mto Mara, na kuna habari ya mali iliyowahi kututoka mikononi bila sisi kujua. Twende polepole.

Tuanze na jirani anayecheka. Kirukia halisi ni mnyonyaji. Mbegu yake huletwa na ndege, hunata kwenye tawi, hutoboa gome na kupenyeza mizizi ndani hadi kwenye mishipa ya mti. Hapo hukaa kikinywa maji ambayo mti umeyatafuta kwa jasho lake. Mahali kinapoota, tawi huvimba kama goti la mgonjwa. Mkulima anayekiondoa kirukia shambani mwake anafanya jambo la maana.

Okidi ya juu ya mti haiko hivyo. Yenyewe ni mpangaji. Mizizi yake hulishika gome kwa nje kama mtoto anavyoshika kanga ya mamaye, haitoboi wala hainyonyi. Mti humpa mahali pa kukaa tu, palipo juu kidogo, penye mwanga na hewa. Maji na chakula mpangaji huyu hujitafutia mwenyewe. Kwa hiyo anayezunguka shambani akizipangusa okidi kwa panga hauponyi mti wowote. Anamfukuza mpangaji asiye na deni.

Sasa, maji na chakula anavipata wapi mtu anayeishi hewani? Ukiutazama mzizi wa okidi ya aina hii, utaona una rangi nyeupe kama chokaa. Weupe huo ni ngozi nene yenye vitundu vingi, mfano wa sponji. Tone la mvua au ukungu likigusa ngozi hiyo, hunyonywa mara moja, na mzizi hugeuka kijani mbele ya macho yako. Ukikauka, unarudi kuwa mweupe. Chakula ni vumbi linaloletwa na upepo, majani yaliyooza katika panda za matawi, na vinyesi vya ndege vilivyoyeyushwa na mvua. Nyingi ya okidi hizi hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku, ili maji yasipotee juani.

Mahali zinapostawi zaidi zile zilizo ndogo ni kwenye misitu inayoitwa misitu ya mawingu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima kama Usambara, Uluguru na Udzungwa, hupanda, hupoa, na kuwa wingu linaloelea katikati ya miti. Majani na matawi huchuja maji kutoka katika wingu hilo, nayo hudondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Humo shina zima huvikwa kuvumwani na okidi. Nyingine ni ndogo kupindukia. Huko Amerika ya Kati iko moja, Platystele jungermannioides, ambayo ua lake halizidi milimita tatu. Jamii yote ya okidi duniani ina aina zaidi ya 25,000, na zilizo kubwa zenye maua ya kuvaa harusini ni sehemu tu.

Mfano mzuri wa kwetu Afrika ya Mashariki ni ile wataalamu wanayoiita Aerangis luteoalba rhodosticta. Huota kwenye vijitawi vyembamba, aghalabu kando ya mito, katika nchi za Kenya, Uganda, Ethiopia, Tanzania na kwingineko, kwenye mwinuko wa mita 1,250 hadi 2,200 hivi. Maua yake ni meupe, hujipanga safu mbili kwenye shina moja jembamba, na kila ua lina doa jekundu katikati kama tone la rangi ya kucha. Wapenda maua wa Ulaya na Marekani wanaitunza mimea hii ndani ya vioo, kwa mashine za kutoa ukungu na taa za umeme.

Hapa ndipo mwalimu wetu anapowazidi hao wa Ulaya. Sehemu za juu za Tarime ziko mita 1,500 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi ya kujifunika blanketi, mchana kuna vuguvugu, kuna migomba na mibuni ya kutoa kivuli. Okidi ndogo ya milimani inahitaji mno usiku wenye baridi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga mjini wakijaribu kuitunza barazani itawafia, kwa sababu usiku wao una joto karibu sawa na mchana. Wao ni heri watafute okidi za nchi za chini, kama ile kubwa yenye madoa kama ya chui, Ansellia africana, inayovumilia joto.

Basi tumjibu mwalimu. Kosa lilikuwa kuichukulia okidi kama mchicha. Mizizi iliyozoea upepo imezikwa hai katika udongo uliolowa, ikakosa hewa, ikaoza. Majani yananywea kwa kiu ingawa kopo limejaa maji, kwa kuwa mzizi uliooza haunywi.

Kwanza, autoe mmea koponi leo hii na kuuosha kwa maji safi. Mzizi ulio mgumu aubakize. Ulio laini na wa kahawia aukate kwa wembe uliopitishwa motoni. Kisha auache mmea kivulini siku moja, vidonda vikauke.

Pili, aufunge tena kwenye kipande cha mti mgumu wenye gome linalokwaruza. Tawi kavu la mbuni lililopogolewa linafaa sana. Utepe wa soksi kuukuu ya nailoni hufunga vizuri bila kukata mizizi. Mmea ukae kwa kuinamia chini kidogo, ili maji yasituame katikati ya majani na kuozesha moyo wake. Asiyetaka kuning'iniza anaweza kutumia kikapu kidogo kilichojazwa vipande vikubwa vya mkaa au vigae vya chungu kilichovunjika. Mkaa hauozi haraka, na hewa hupita katikati yake.

Tatu, mahali. Chini ya upenu wa nyumba upande wa jua la asubuhi, au chini ya kivuli chepesi cha mti. Pasiwe juu ya kabati la televisheni, na pasiwe jikoni penye moshi. Majani yenyewe yatamsemea: yakiwa ya kijani kizito na kulegea, giza limezidi, yakiwa ya manjano au mekundu pembeni, jua limezidi. Upepo mwanana upite muda wote.

Nne, maji. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa kuwa maji ya visima vingi yana chumvi inayobaki kwenye mizizi. Wakati wa kiangazi amwagilie au anyunyize kila siku asubuhi mapema, hadi mizizi igeuke kijani. Kanuni ni moja: mzizi ulowe asubuhi, ukauke kabla ya usiku kuingia. Wakati wa masika, mmea ukiwa nje, anaweza kupitisha wiki nzima asiuguse. Wasikilizaji wa upande wa pili wa mto, wilayani Serengeti, ambako kiangazi ni kikavu zaidi, waweke beseni la maji au sinia la kokoto zilizolowa chini ya mmea, maji yasiuguse mmea wenyewe, ili mvuke upande taratibu.

Tano, chakula. Samadi mbichi ni sumu kwake. Mbolea ya dukani iyeyushwe hadi iwe dhaifu mara nne kuliko inavyoelekezwa kwenye pakiti, nayo itolewe mara moja kwa wiki mbili wakati mmea unapoota majani mapya tu. Konokono aondolewe kwa mkono usiku. Vidudu vyenye magamba vipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Sita, subira. Okidi ndogo inaweza kukaa mwaka mzima bila kuongeza zaidi ya jani moja au mawili. Ukiona ncha ya mzizi ina rangi ya kijani inayong'aa, jua kuwa yu hai na anaendelea.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapo mtu anaweza kudhani kuwa tumemaliza. Lakini liko swali ambalo mwalimu hakuliuliza, nalo ni zito kuliko alilouliza: je, nduguye aliupata wapi ule mmea?

Tunda moja la okidi huweza kuwa na mbegu mamia ya maelfu, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama harage au hindi. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kuwa mbegu ya okidi haiwezi kuota porini isipopata kuvu wa aina fulani wa kuilisha. Ndiyo maana katika mbegu hizo zote ni chache mno zinazofika kuwa mmea, tena baada ya miaka kadhaa. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kuwa mbegu hizo zinaweza kuoteshwa kwenye chupa zenye sukari na madini, bila ya kuvu. Tangu hapo okidi zikaanza kuzalishwa kwa wingi. Uholanzi na Thailand zinapata fedha nyingi kwa biashara hiyo leo, na hawalazimiki kwenda msituni kung'oa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sisi tulio na misitu yenyewe bado tunang'oa. Watu wa Mara wanaijua Serengeti ya nyumbu. Iko Serengeti nyingine huko Nyanda za Juu Kusini, kwenye uwanda wa Kitulo. Wenyeji wameuita Bustani ya Mungu, na wageni wameuita Serengeti ya maua. Mwaka 2005 eneo hilo lenye kilomita za mraba zipatazo 413 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Kilichotishia okidi hizo ni viazi vyake. Huko Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka nyanda hizo kwenda Zambia. Mchimbaji wa Makete alipata senti chache, mwenye lori akapata zaidi, na uwanda ukabaki na mashimo.

Ya Kitulo ni kung'oa hadi kumaliza. Ya Usambara ni kutoa bila kufaidi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau kutoka milima hiyo. Mwaka 1893 likapewa jina lake la kitaalamu, Saintpaulia. Ua hilo si okidi, lakini nalo ni mtoto wa vivuli na ukungu. Leo linauzwa vyunguni Ulaya na Marekani, limezalishwa kwa rangi za kila namna, na wengi wanaolimwagilia maji dirishani hawajui Tanga iko wapi. Huku kwetu ndugu zake wa porini wanabanwa kwenye miamba michache kila msitu unapokatwa.

Kwa hiyo anayenunua okidi aulize maswali. Mmea uliooteshwa bustanini huwa na mizizi misafi na majani yanayolingana. Uliong'olewa porini huwa na mizizi iliyokatika, majani yenye makovu, na aghalabu umefungwa fungu pamoja na wenzake wa aina mbalimbali. Okidi zote zimo katika Mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Kuivusha okidi mpakani pale Sirari bila kibali ni kosa, hata ikiwa imefichwa katikati ya mikungu ya ndizi. Kuichukua ndani ya Hifadhi ya Taifa ni kosa vilevile.

Lakini tusidanganyane kwamba adui mkubwa wa okidi ni mpenda maua. Mpenda maua huchukua mmea mmoja. Shoka huchukua tawi na vyote vilivyomo. Okidi ndogo haiishi kwa kilicho chini yake, inaishi kwa kilicho pembeni yake: kivuli, unyevu, upepo uliopozwa na majani. Ondoa miti ya jirani, uiache ile yenye okidi peke yake, na bado okidi itakufa kwa jua. Ndiyo sababu kuiweka hai nyumbani ni kazi ya kuiga msitu mzima kwa kopo la maji na upenu wa bati.

Na hapa tunafika mtoni. Mto Mara unaanzia kwenye milima ya Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala hukutana. Hupita mbugani, huingia Tanzania ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kisha hutenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria, safari ya karibu kilomita 400. Msitu unaoshika ukungu kwa ajili ya okidi ndio huo huo unaoshika mvua kwa ajili ya mto. Mau ulipokatwa, mto ulianza kuja kwa fujo wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Mwenye ng'ombe wa Mugumu na mwenye migomba wa Tarime wote wanakula hasara ya shoka lililoangukia nchi nyingine.

Mau hatuuwezi sisi peke yetu. Kingo za mito na vijito vyetu tunaziweza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni hatua za mtu mzima zisizofika mia. Tembea kando ya kijito cha kijijini kwako uhesabu hatua hizo, uone ni ngapi zina mti na ngapi zina mahindi hadi ukingoni, ambayo mafuriko yatakuja kuyachukua. Tangu mwaka 2012, tarehe 15 Septemba huadhimishwa na Tanzania na Kenya kuwa Siku ya Mara. Itapendeza siku hiyo isiishie kwenye hotuba na fulana. Kila shule iliyo karibu na kijito ichukue kipande cha ukingo, ipande miti ya asili, na iitunze hadi itoe kivuli.

Mwalimu wetu anao mwanzo mzuri. Mmea ule ukipona, autundike chini ya upenu wa darasa na si sebuleni kwake. Watoto wamwagilie kwa zamu na kuutazama mzizi ukigeuka kutoka mweupe kuwa kijani. Mtoto aliyeona jambo hilo kwa macho yake hatahitaji mhadhara mrefu juu ya kwa nini miti ya kando ya mto isikatwe. Kisha awapeleke kijitoni wakatazame matawi. Wakikuta okidi waiache ilipo, waandike ni mti gani na imetoa maua mwezi gani. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kopo kumi.